Mbunge Apimwe kwa Kamati Zake

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika jarida la chama chetu niwaambie wanachama wenzangu neno ambalo najua baadhi yao hawatalipenda. Neno lenyewe ni hili: makarani na watumishi wa Njombe na Makambako, watu waliosoma, watu ambao kila siku hushika kalamu na kuandika hesabu za wengine, huwapima wabunge kwa mizani mbovu, na kwa kuwa watu wasiosoma huwatazama wao kama taa, basi mji mzima umeishika mizani hiyo hiyo. Mbunge akileta mabati ya darasa hupigiwa makofi. Akichangia msiba husifiwa wiki nzima. Akikaa miezi miwili bila kuonekana sokoni husemwa kwamba amehamia Dodoma na kutusahau. Lakini aliketi katika kamati gani ya Bunge, na humo kamatini alisema nini, na fedha ya nani aliihoji ikaonekana au ikapotea, hayo hayaulizwi na mtu.

Nenda leo katika stendi ya Makambako, pale njia ya kutoka Iringa inapogawanyika, moja ikishika Mbeya na moja ikishika Njombe hata Songea. Waulize watu kumi habari za Bwana Deo Sanga, aliyekuwa mbunge wa Njombe Kaskazini tangu 2010, kisha wa jimbo la Makambako tangu lilipopigiwa kura mara ya kwanza 2015. Wote kumi watakutajia jina lake la utani, Jah People, na yamkini watano watakusimulia mambo ya maji na ya fidia. Sasa waulize kamati zake za Bunge. Hapo utaona watu wakitazamana. Simlaumu mwuza viazi kwa kutojua. Namlaumu karani aliyesimama karibu naye akingoja basi, maana huyu anajua kusoma, na taarifa za Bunge ziko wazi kwa kila asomaye.

Kwa ajili ya vijana walioingia kazini juzi, yafaa nieleze kidogo. Katiba yetu, ibara ya 63, yasema kwamba Bunge ndilo chombo kikuu chenye madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na ibara ya 96 yaliruhusu Bunge liunde kamati za namna mbalimbali. Watu wengi, wakisikia redioni Waheshimiwa wakibishana na kupiga meza, hudhani kazi ya Bunge ndiyo ile. La! Ile ni sehemu ndogo, tena aghalabu huwa ni mwisho wa shauri ambalo limekwisha pikwa mahali pengine. Muswada hupita kwanza kamatini. Makadirio ya kila wizara huchambuliwa kwanza kamatini, fungu kwa fungu, na huko ndiko Katibu Mkuu wa wizara huketi mbele ya watu kumi na kadhaa na kuulizwa: fedha hii mliomba, mkapewa, i wapi? Katika ukumbi mkubwa mbunge hupewa dakika chache, na nusu ya dakika hizo huzimaliza kwa kushukuru. Kamatini aweza kuuliza swali lile lile mara tatu hata apate jibu.

Ukitaka kujua nguvu ya kamati, kumbuka mambo ya Richmond. Novemba 2007 Bunge liliunda kamati teule ya watu watano tu, mwenyekiti wake Dakta Harrison Mwakyembe. Februari 2008 wakaleta taarifa yao, na Waziri Mkuu, Bwana Edward Lowassa, akajiuzulu pamoja na mawaziri wengine wawili. Watu watano! Hawakuwa na bunduki wala hawakugawa mabati. Walikuwa na karatasi, mashahidi na subira ya kusoma.

Basi, nije kwa mtu wetu mwenyewe, maana ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Kila mara likitajwa jina la Mama Anne Makinda katika mazungumzo ya ofisini, utasikia maneno ya namna mbili. Wengine husema, “Alituletea heshima, mwanamke wa Njombe kuwa Spika wa kwanza mwanamke katika Tanzania.” Wengine hujibu kwa uchungu, “Tulikuwa na Spika, tumepata nini?” Hawa na hawa nawapinga. Wa kwanza wamesimama kwenye sifa kama mtu aliyesimama kwenye kizingiti asiingie ndani. Wa pili wameuliza swali la mtu anayegawiwa nyama, ilhali Spika hakuwekwa kugawa nyama. Spika akiketi kitini haulizi swali la barabara ya kijijini kwake, wala hatoi shilingi ya wizara ya mtu. Mkitaka kumhukumu, mhukumuni kwa kazi yake.

Tutazame kazi yenyewe. Alizaliwa 1949, akasoma hata Mzumbe, akaingia Bungeni 1975 akiwa na umri wa miaka 26. Wakati ule Njombe ilikuwa wilaya katika mkoa wa Iringa, na aliyeketi katika kiti cha Spika alikuwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mtu wa Iringa naye. Tangu mwaka ule hata alipostaafu 2015 ni miaka 40. Katika miaka hiyo alikuwa waziri, alikuwa mkuu wa mkoa wa Ruvuma, alikuwa mbunge wa Njombe Kusini, alikuwa Naibu Spika kuanzia 2005, na Novemba 2010 akachaguliwa kuwa Spika. Hata baada ya kustaafu Serikali ilimwita tena, akawa Kamisaa wa Sensa ya 2022. Mtumishi wa Serikali asomaye orodha hii ataitambua mara moja: ni mtu aliyepanda ngazi kidato kwa kidato, kama karani aliyeanza na rejista ya barua akafika kuwa mkuu wa idara. Hilo halina ubishi, na anayelibeza hana adabu.

Lakini madaraka makubwa ya Spika, yale ambayo hayaonekani kwenye televisheni, ni juu ya kamati. Spika ndiye huwateua wajumbe wa kamati za kudumu. Wajumbe huchagua wenyeviti wao, kweli, ila Spika ndiye amekwisha amua nani ataketi na nani. Yeye ni mwenyekiti wa Kamati ya Uongozi, na ni mwenyekiti wa Kamati ya Kanuni. Kwa hiyo mtu wa Njombe kwa miaka mitano alikuwa na kalamu ya kuandika ni nani atakayeisimamia fedha ya umeme, na nani fedha ya halmashauri, na nani mashirika ya umma. Kalamu hiyo aliitumiaje?

Julai 2012 aliivunja Kamati ya Nishati na Madini, kamati nzima, kwa sababu ya shutuma za rushwa juu ya baadhi ya wajumbe. Nasema wazi kwamba jambo lile halikunipendeza. Ikiwa katika ofisi ya watu ishirini watatu wametuhumiwa wizi, je, mkuu wa ofisi huwafukuza wote ishirini na kufunga mlango? Walio safi hutoka na uchafu ambao si wao, na walio wachafu hujificha katika wingi. Shauri likapelekwa kwenye Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge, na hilo ndilo lilikuwa jambo la haki. Walakini kuvunja kulitangulia kuhukumu. Wako watakaonijibu kwamba Bunge lilikuwa limechafuka machoni pa watu na ilibidi kuonyesha ukali. Nakubali kwamba ukali ulihitajiwa. Ukali ulipaswa kuwa na majina.

Februari 2013 likafuata jambo la pili, nalo naliona zito kuliko la kwanza, ingawa halikupigiwa kelele nyingi. Kamati ya Hesabu za Mashirika ya Umma, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Bwana Zitto Kabwe wa upinzani, ilifutwa, na kazi zake zikatiwa ndani ya Kamati ya Hesabu za Serikali. Fikirini, enyi mnaojua uzito wa hesabu. Wizara zote, idara zote, na juu yake mashirika ya umeme, bandari, reli, mifuko ya pensheni, vyote viwekwe juu ya meza moja, mbele ya watu wale wale, kwa siku zile zile za kikao! Mwenye kuandika daftari mbili za fedha anajua jinsi macho yanavyochoka. Na kwamba mzigo ulikuwa mkubwa mno, jibu lilikuja lenyewe: 2016, Bunge lililofuata likaunda kamati nyingine, Kamati ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma, kuyatazama mashirika hayo. Miaka mitatu ilikuwa imepita.

Hata hivyo sitakuwa mtu wa haki nisipotaja ya Novemba 2014. Ile Kamati ya Hesabu za Serikali, pamoja na mzigo wake wote, ilileta taarifa ya akaunti ya Tegeta Escrow, fedha zaidi ya shilingi bilioni 300, na Mama Makinda alikuwa kitini. Kulikuwa na mvutano mkubwa, lakini taarifa ilisomwa, ikajadiliwa, na maazimio yakapitishwa. Kabla ya mwezi Januari 2015 kwisha, Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikuwa amejiuzulu, waziri mmoja ameondolewa na mwingine amejiuzulu. Kama angetaka kuizima taarifa ile, kiti chake kilikuwa na njia nyingi za kuizima. Hakuizima, ikasomwa mbele ya nchi. Hilo nalihesabu upande wake, tena nalihesabu kuwa kubwa.

Na sasa nawaulizeni: hapa Njombe, mambo haya matatu yalijadiliwa na nani? Yalipita kama treni ya TAZARA ipitayo Makambako usiku watu wamelala. Waliosikia mlio waligeuka upande wa pili. Mwaka 2012 huo huo tulikuwa tukishangilia mkoa mpya, kugawanywa kutoka Iringa, na gumzo la kila ofisi lilikuwa nani atapata cheo gani katika majengo mapya. Haya, mkoa ni jambo jema. Lakini uchunguzi wa afya wa 2011 na 2012 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wa Njombe wa miaka 15 hata 49, asilimia 14.8 walikuwa na virusi vya UKIMWI, ilhali kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 5.1. Hakuna mkoa uliotupita. Uchunguzi wa 2022 na 2023 ulitukuta bado mbele ya mikoa yote, asilimia 12.7. Na Bunge lilikuwa na kamati yake ya mambo ya UKIMWI! Je, kuna mkutano hata mmoja wa kampeni, katika miaka yote hiyo, ambako karani, mwalimu au mganga aliinuka na kumwuliza mgombea: “Ukichaguliwa, utaomba kuketi katika kamati ile, kwa kuwa makaburi ni yetu?” Tuliuliza habari za barabara. Barabara ni haki yetu, na watu waliolala makaburini wangependa nao kuipita.

Chukueni mfano mwingine ulio karibu zaidi na matumbo. Kila mkulima wa viazi wa Njombe anaijua lumbesa, lile gunia lililofungwa kilemba juu ya kilemba hata likawa gunia na nusu, na bei ikabaki ya gunia moja. Serikali imekataza mara nyingi, sheria ya vipimo iko, na lumbesa ingali ikipakiwa mchana kweupe. Mambo ya biashara na kilimo yana kamati yake Bungeni. Katika Bunge la 12 mwenyekiti wa Kamati ya Viwanda, Biashara, Kilimo na Mifugo alikuwa Bwana Deodatus Mwanyika, mbunge wa Njombe Mjini. Tazameni bahati hiyo! Mtu wa viazi, wa chai na wa parachichi ameketi mahali pale pale ambapo Wizara ya Kilimo na Wizara ya Viwanda na Biashara hujibu maswali. Ushirika wa wakulima wenye katibu ajuaye kuandika ungempelekea hoja zilizopangwa: uzito wa magunia yaliyopimwa, tarehe, kituo cha kupakia. Hoja ya namna hiyo huwekwa mezani, na Waziri huulizwa kwa takwimu. Lakini watu wakienda kwa mbunge huenda kuomba ada ya mtoto, na yeye, kwa kuwa ni mwanadamu mwenye kuhitaji kura, hutoa ada ya mtoto.

Kuna jambo jingine ambalo twapaswa kulitazama kwa jicho la mkaguzi. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake. Pamoja na hayo, kwa sheria ya 2009 ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, yeye ndiye mwenyekiti wa kamati inayoamua fedha ya mfuko huo iende wapi. Kisha akifika Dodoma, aweza kuteuliwa katika Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, ile inayoziita halmashauri na kuzihoji kwa vitabu vya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Kwa hiyo mtu mmoja huamua matumizi, huketi katika baraza linalopitisha matumizi, na huenda akaketi pamoja na wanaokagua matumizi. Simtuhumu mbunge ye yote wa kwetu. Nasema tu kwamba karani akishika funguo za sanduku, akaandika stakabadhi, kisha akajikagua mwenyewe, tutamwita mbele ya kamati ya nidhamu kabla ya jua kutua. Na mabati mengi yanayopigiwa makofi yametoka katika mfuko huo, yaani ni fedha ya umma, si ya mfuko wa suruali ya mtu. Anayeshukuru kwa kupiga magoti anamshukuru mtu kwa kumpa kilicho chake.

Najua nitajibiwa mambo mawili. La kwanza, kwamba mtumishi wa Serikali hana ruhusa kuingia katika siasa. Ni kweli, na ni vema iwe hivyo. Lakini kusoma taarifa iliyowekwa mezani Bungeni si kufanya kampeni, wala kujua jina la kamati si kuvaa fulana ya chama. Katiba, ibara ya 143, imeagiza kwamba taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ifikishwe mbele ya Bunge, na Bunge ni la watu. Ikiwa ni halali kusomwa na mwenye duka, imekuwaje haramu kusomwa na mtunza hazina? Tena ni sisi tuliotayarisha hati za malipo zinazotajwa humo. Kamati ikija Njombe, Mkurugenzi ndiye hujibu akiwa Afisa Masuuli, lakini nyuma yake huketi mweka hazina, na nyuma ya mweka hazina huketi karani mwenye jalada mapajani, moyo ukimdunda. Huyo ndiye ajuaye ukweli wa jalada. Kamati isiyojua kuuliza humwachia mkosaji aende na kumtwika lawama mdogo. Kamati inayojua kuuliza humlinda karani mwaminifu. Basi watumishi wana haja yao wenyewe, kabisa, ya kutaka kamati ziwe na watu wenye kusoma.

La pili, nitaambiwa kwamba mambo ya kamati ni makubwa kwa watu wa bara kama sisi. Wanaosema hivyo hawazijui habari za wazee wao. Martin Kayamba, aliyekianzisha huko Tanga mwaka 1922 chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa Serikali katika Tanganyika, alikuwa karani. Mwaka 1931 alikwenda London na kusimama mbele ya kamati ya pamoja ya mabaraza mawili ya Bunge la Uingereza, iliyokuwa ikichunguza shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika, akaulizwa na mabwana wakubwa, akajibu. Wakati ule hapakuwa na Mwafrika hata mmoja katika Baraza la Kutunga Sheria lililowekwa 1926. Wa kwanza waliingia 1945, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, na watu wa nyanda zetu hizi za juu walingoja hata alipoteuliwa Chifu Adam Sapi. Karani asiye na kura aliikabili kamati ya watawala wake. Leo karani ana kura, ana simu inayofungua taarifa za Bunge, na kamati ni yake. Naye asema mambo haya ni makubwa!

Kwa hiyo naomba halmashauri ya tawi letu la Njombe, na ile ya Makambako, zipokee shauri hili katika mkutano ujao. Kiwekwe kitabu kimoja katika kila tawi, chenye mistari, kama rejista yo yote ya ofisi. Iandikwe: jina la mbunge wa jimbo, kamati aliyopangiwa, tarehe aliyoingia, cheo chake humo, taarifa ambazo kamati ile imewasilisha, na katika taarifa hizo ni wapi imetajwa halmashauri yetu, au viazi, chai, mbao, hospitali, maji. Kuhusu maji, mradi wa miji 28 ambao mikataba yake ilitiwa sahihi Juni 2022 unataja Njombe, Makambako na Wanging'ombe; karatasi ya kwanza ya kitabu yaweza kuanza na huo, na kamati inayoisimamia Wizara ya Maji. Katibu asiandike sifa wala matusi, aandike tarehe na maneno yaliyosemwa. Mwanachama ye yote, na raia ye yote atakayebisha hodi, asomewe.

Daftari la kurasa 200 si ghali, na kwa upande wa Makambako nitalinunua mimi. Kinachotakiwa kwa mkutano ni kumchagua atakayeandika.

Ni mimi wenu katika chama,
Karani wa Makambako